Shingo pana, kapo gani?

Kapo ni kibanio kinachofungwa shingoni mwa gitaa ili kukandamiza nyuzi zote na kupandisha sauti. Ya kawaida ya springi, ukiibana kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo) ya gitaa la shingo pana, mara nyingi inakaa vizuri. Dukani unapitisha kidole, nyuzi zote sita zinalia, unalipa unaondoka. Nyumbani unaisogeza hadi freti ya nne kwa sababu mwimbaji anataka sauti ya juu, na uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, unaanza kukoroma au unakuwa bubu kabisa. Hapo lawama zinaangukia gitaa. Gitaa halina kosa. Shingo inazidi kutanuka kadiri unavyoelekea kwenye tundu la sauti, na kapo ilijaribiwa mahali ilipo nyembamba kuliko kote.

Tuanze na namba. Gitaa la kawaida la nyuzi za chuma, mfano Yamaha F310, lina upana wa milimita 43 kwenye nati, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji ambamo nyuzi hupita kabla ya kufika kichwani. Magitaa ya chuma yanayoitwa ya shingo pana huanzia 46 hivi na kufika 48. Seagull S6 iko mpakani: inchi 1.8, ambayo ni kama milimita 45.7. Gitaa la nailoni kama Yamaha C40 lina 52.

Hizo zote ni namba za nati, na hakuna anayebana kapo kwenye nati. Chukua shingo yenye 48 kwenye nati na 58 kwenye freti ya 12, urefu wa uzi kutoka nati hadi daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye kiwiliwili, ukiwa milimita 650. Freti ya pili itakuwa na upana wa 50.2, ya tatu 51.2, ya tano 53, ya saba karibu 54.7. Shingo ya nailoni inayoanza na 52 na kufika 62 itakupa 54.2 kwenye freti ya pili, 57 kwenye ya tano na 58.7 kwenye ya saba.

Sasa rudi kwenye gitaa la kawaida, la 43 kwenye nati na 54 kwenye freti ya 12. Freti yake ya tano ina upana wa 48.5. Mtengenezaji aliyetaka kapo yake ifanye kazi hadi freti ya tano ya gitaa hilo aliipa uwezo wa kufunika kama 49 au 50, basi. Ndiyo maana inaingia freti ya kwanza ya gitaa lako bila kelele na kukuangusha kwenye ya tatu.

Kwa hiyo pima kwenye freti ya mbali zaidi unayotumia, si ya karibu. Kwa wengi ni ya tano. Wachache hufika ya saba. Ukishapata upana wa shingo hapo, angalia kapo: kutoka ukuta wa ndani upande wa bawaba hadi ncha ya upau wa juu, ule unaokandamiza nyuzi, urefu uwe sawa na upana huo, au upungue kwa milimita moja au mbili tu. Uzi wa nje hukaa milimita 3 hadi 4 ndani ya ukingo wa shingo, na upau unatakiwa uuvuke kwa milimita 2 hivi. Ukipungua hapo, uzi wa kwanza utakuwa unakanyagwa na kona ya mpira, na kona ndiyo sehemu laini na inayochakaa mapema. Ukizidi sana pia ni kero. Ncha inayotokeza milimita 6 au 7 itagonga mkono wako kila unaposhika kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) karibu na kapo.

Hapo ndipo wengi huishia, wakidhani kazi imekwisha. Kwa maoni yangu upana ndiyo nusu rahisi ya jambo hili.

Mkunjo wa ubao

Ubao wa vidole wa gitaa la nailoni huwa bapa, au karibu na bapa. Ubao wa gitaa la nyuzi za chuma umepinda kidogo kama mgongo wa kobe, na mpindo huo hutajwa kwa nusu kipenyo cha duara lake: inchi 16 kwa magitaa mengi ya Martin, 15 kwa Taylor, 12 kwa Gibson nyingi. Kwa milimita ni 406, 381 na 305. Namba ikiwa ndogo, mpindo ni mkali zaidi.

Kosa la kawaida huja hivi. Mtu ana gitaa la nyuzi za chuma lenye shingo ya 47. Anatafuta kapo pana, anaona pakiti imeandikwa kuwa ni ya gitaa la klasiki, anaichukua. Upana anaupata, ila upau wa kapo hiyo ni bapa na ubao wake umepinda. Kwenye freti ambapo nyuzi zimetawanyika milimita 46 kutoka ya sita hadi ya kwanza, na ubao una nusu kipenyo cha 406, upau bapa uliokaa juu ya uzi wa tatu na wa nne utaacha mwanya wa kama milimita 0.6 juu ya nyuzi za pembeni. Uzi wa kwanza wa seti ya 12 hadi 53 (namba hizo ni unene kwa elfu za inchi) una unene wa milimita 0.3. Mwanya ni mara mbili ya uzi wenyewe! Mpira unaweza kuziba mwanya huo, lakini kwa kubanwa kwa nguvu nyingi, na nguvu hiyo yote inaangukia nyuzi za kati, ambazo sauti zake zinapanda na kutoka kwenye tyuni huku za pembeni zikiwa ndiyo kwanza zimeguswa.

Kinyume chake kipo pia. Kapo iliyopinda ikiwekwa kwenye ubao bapa wa nailoni inabana uzi wa kwanza na wa sita sawasawa, na kuacha nafasi ya karibu milimita 0.7 juu ya wa tatu na wa nne. Hivyo dalili zenyewe zinakuambia ugonjwa: nyuzi za pembeni zikikoroma, upau ni bapa kuliko ubao, za katikati zikikoroma, upau umepinda kuliko ubao. Uzi mmoja tu wa upande mmoja ukikoroma, hilo ni la bawaba au la urefu, tutalifikia.

Kujua mpindo wa gitaa lako huhitaji kifaa cha fundi. Subiri siku ya kubadilisha nyuzi, shingo ikiwa wazi. Weka rula ya chuma fupi ikikatiza freti ya tatu. Ikilala bila kucheza, ubao ni bapa. Ikibembea, ikandamize ukingo mmoja mpaka ilale sawasawa na ukingo huo, kisha tazama upande wa pili: kwenye shingo yenye upana wa milimita 50, mpindo wa 406 utainua rula kama milimita 3, na mpindo wa 305 utaiinua kama 4. Si kipimo cha maabara, kwa sababu ncha za freti hupigwa msasa zikainama kidogo, ila kinatosha kutenganisha bapa na kilichopinda.

Anayetaka uhakika zaidi achukue jalada gumu la daftari, msumari, uzi usiovutika na penseli. Funga uzi kwenye msumari, pima sentimita 40.6 hadi kwenye ncha ya penseli, chora kipande cha duara, kata kwa wembe. Fanya hivyo tena kwa 38.1 na 30.5. Kila mkato unakupa vipande viwili, kimoja chenye bonde na kimoja chenye mgongo. Weka vyenye bonde kimoja kimoja juu ya freti, shingo ikielekea dirishani. Kile kisichopitisha mwanga chini yake ndicho mpindo wako. Viandike namba na uvihifadhi kwenye mfuko wa gitaa, kwa sababu dukani utavihitaji: vyenye mgongo unavilinganisha na upau wa kapo vilevile.

Unene, na kwa nini upande mmoja hukataa

Shingo pana mara nyingi ni nene pia. Ya chuma huwa kama milimita 20 hadi 23 kwenye freti ya kwanza, ya nailoni 22 hadi 24, na zote hunenepa kidogo kuelekea kwenye kiwiliwili. Hili linagusa hasa kapo za springi zenye bawaba upande mmoja, zile zinazobanwa kama koleo.

Kapo ya namna hiyo ina taya mbili zinazokuwa sambamba kwenye unene mmoja tu, ule uliokusudiwa na aliyeichora. Shingo ikizidi unene huo, taya zinafunguka kama herufi V. Uzi ulio karibu na bawaba unabanwa mno, ule ulio nchani unaguswa tu. Shingo ikiwa nyembamba, mambo yanageuka: ncha inabana, bawaba inaachia. Tena springi iliyofunguliwa zaidi inasukuma kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kwenye shingo nene kapo ileile inabana kuliko ilivyobana kwenye gitaa jembamba, na wewe huna skrubu ya kuipunguza.

Kuna jaribio la karatasi ya risiti. Kata vipande sita vyembamba, kila kimoja kikitosha upana wa uzi mmoja. Viweke kati ya upau na nyuzi, funga kapo, kisha vuta kimoja kimoja. Vyote vikigoma kwa ukaidi ule ule, kapo imekaa. Kimoja kikiteleza chenyewe huku cha upande wa pili kikichanika, umeiona V kwa mkono wako. Jaribio hili hufaa kuliko sikio peke yake, maana uzi unaobanwa nusu nusu unaweza kulia vizuri ukipigwa taratibu na kukoroma ukipigwa kwa nguvu kanisani.

Nyuzi za nailoni zina lao

Kwenye chuma, unene wa nyuzi hupanda kwa mpangilio: uzi wa kwanza 0.30, wa sita kama 1.35, kila mmoja mnene kuliko uliotangulia. Upau unajiinamisha kidogo upande mmoja na mambo yanakwenda. Nailoni haina mpangilio huo. Kwenye seti ya kawaida uzi wa tatu, ule wa nailoni tupu, una unene wa karibu milimita 1.0, na jirani yake wa nne, uliosokotwa kwa waya, una kama 0.74 tu. Wa tano unarudi juu, kama 0.88. Uzi wa nne umekaa bondeni, robo ya milimita chini ya wa tatu. Ndiyo maana kwenye magitaa ya nailoni uzi wa nne ndio unaolalamika wa kwanza hata kapo ikiwa bapa na ya upana sahihi. Dawa yake ni mpira laini na mnene kidogo, milimita 2 hadi 3, unaoweza kuingia bondeni. Mpira mgumu unaosifiwa kwenye chuma hapa hausaidii.

Gitaa la nyuzi 12 lina tatizo hilo hilo likiwa kali zaidi: uzi mwembamba wa oktava unalala ubavuni mwa mnene, na upau unakaa juu ya mnene. Huko usijaribu kubahatisha, nunua kapo iliyotengenezwa kwa nyuzi 12.

Aina zilizopo

Kapo za springi. Kyser ndiyo inayojulikana zaidi, na wana ya klasiki yenye upau mrefu na bapa pamoja na ya nyuzi 12. Dunlop wanazo pia, bapa na zilizopinda. Uzuri wake ni wepesi: mkono mmoja, sekunde moja. Kwa anayebadilisha ufunguo wa wimbo katikati ya ibada au katikati ya onyesho, hakuna kinachozishinda. Ubaya tumeshauona: nguvu haipunguziki. Kwenye gitaa la nailoni lenye shingo nene, nyuzi karibu zote hupanda juu baada ya kufunga, na kila mara lazima utyuni upya. Zile za bei ya chini zinazouzwa kwa maneno kwamba zinafaa gitaa la klasiki, la umeme na hata ukulele kwa wakati mmoja, zifikirie: upau mmoja hauwezi kuwa bapa na kupinda. Kwa kawaida huwa na mpindo hafifu wa katikati ambao haumfai yeyote sawasawa. Kwa gitaa la 43 zinavumilika. Kwa shingo pana ningezipita.

Kapo za kishikio na skrubu, ambazo Shubb ndio waliozipa sura mwaka 1980. Kuna skrubu nyuma inayopanga mbano, na kishikio kinachofunga kwa kuvuka kituo chake, basi inakaa palepale ulipoipanga. C1 ni ya chuma, C2 ni bapa kwa nailoni, C3 ni ya nyuzi 12. Kwa shingo ya chuma ya 46 hadi 48 iliyopinda, mimi ningejaribu C3 kabla ya nyingine zote, kwa sababu upau wake ni mrefu na haujawa bapa kama C2. Usumbufu wake ni kwamba ukitoka freti ya pili kwenda ya tano, unene umebadilika, na skrubu inataka kulegezwa robo au nusu mzunguko. Watu wengi hawafanyi hivyo, kisha wanasema Shubb inaharibu tyuni.

Kapo za G7th zinabana kadiri ya mkono wako na kushika hapo hapo, bila skrubu. Performance 3 ina upau unaojikunja ndani kwa ndani kufuata mpindo wa ubao, mfumo wanaouita ART, na kuna toleo la klasiki. Ni ghali, lakini aliye na magitaa mawili ya mipindo tofauti na upana unaokaribiana anaweza kuokoa pesa ya kapo ya pili. Thalia wamechukua njia nyingine: pedi zinazobadilishwa, kila moja na mpindo wake, zikiwemo za ubao bapa na za nyuzi 12. D'Addario wana NS ya klasiki yenye kitufe cha kuzungusha, nyepesi mno, na kwa shingo bapa ya 52 ndiyo ningependekeza kwa mtu asiyetaka kutumia nyingi.

Kisha zipo za fremu, kama Paige na Elliott: fremu ya umbo la U inayoizunguka shingo, na skrubu moja katikati ya mgongo. Nguvu inatoka katikati, kwa hiyo hakuna V, na nyuzi hazivutwi upande mmoja. Kwa tyuni safi ni vigumu kuzishinda. Ila hapa ndipo upana unapokuwa hakimu wa mwisho. Fremu ni chuma, haitanuki. Ikiwa nafasi yake ya ndani ni 54 na freti yako ya tano ni 57, haipiti, na ukiilazimisha inakwaruza vanishi ya ukingo. Hakikisha nafasi ya ndani inazidi upana wa shingo kwenye freti ya mbali kwa angalau milimita 2.

Ya mbao, ya kujitengenezea

Wapiga flamenco wa Hispania wana shingo pana na bapa miaka yote, na kapo yao ya jadi, cejilla, ni kipande cha mbao ngumu, kigingi kama cha fidla, na kamba inayozunguka shingo. Kwa ubao bapa sijui kitu kinachokaa vizuri zaidi kwa gharama hiyo, na fundi seremala mwenye mkono mtulivu anaweza kuitengeneza kwa mabaki ya mpingo au mninga.

Kata mbao yenye urefu wa milimita 64, kimo 18, unene 12. Urefu huo unatosha shingo ya 52 hadi freti ya saba. Uso wa chini uwe bapa kabisa: bandika karatasi ya msasa juu ya kioo na uusugue hapo, kwa sababu kasoro ya sehemu ya kumi ya milimita utaisikia kwenye uzi wa nne. Toboa katikati, sambamba na nyuzi zitakavyopita, tundu la milimita 6.5. Kigingi cha fidla kimechongwa kikipungua taratibu kuelekea nchani, hivyo tundu lazima lifuate umbo hilo; ukikosa kichongeo, zungushia msasa kigingi chenyewe na ulipanue kwa subira mpaka kiingie na kushika. Toboa vitundu viwili vya milimita 1.5 karibu na ncha za mbao. Kamba nzuri ni uzi wa tatu wa nailoni uliochoka: fundo kwenye kitundu kimoja, unapita chini ya shingo, unapanda upande wa pili, unapita kitundu cha pili na kujizungusha kwenye kigingi. Chini ya shingo uvishe kipande cha ngozi cha milimita 40 kwa 25, la sivyo kamba itachora mstari kwenye vanishi ndani ya wiki. Kwenye uso wa chini gundisha ngozi laini ya milimita 1.5 hadi 2, au tabaka mbili za tyubu ya baiskeli. Kigingi kikiteleza, kipake chaki. Kikikwama, sabuni ya kipande.

Kapo ya penseli na mpira, ambayo wapiga gitaa wengi waliianzia, ni ndugu wa hiyo. Kwa shingo pana kata penseli iwe na milimita 75 ili pande zote mbili zibaki na nafasi ya kufungia, ivishe tyubu ya baiskeli, na ifunge kwa ukanda wa tyubu badala ya raba za ofisini, ambazo zinalegea zikipata joto. Penseli ni mnyoofu, hivyo inafaa nailoni. Kwenye chuma kilichopinda inarudisha lile tatizo la nyuzi za pembeni.

Kuifunga

Tyuni gitaa kwanza bila kapo. Weka upau nyuma tu ya freti, upande wa kichwani, ukiigusa karibu lakini usiipande. Ukikaa juu ya freti nyuzi zinazimwa. Ukikaa katikati ya freti mbili unahitaji nguvu nyingi, na nguvu inazikunja nyuzi nyuma ya freti na kuzipandisha. Kwenye shingo pana hakikisha upau unakwenda sambamba na freti toka ukingo hadi ukingo. Mshazari mdogo ambao shingo ya 43 inauvumilia unazidi kuwa mkubwa kwenye ya 55, na uzi wa sita unajikuta uko mbali na freti wakati wa kwanza uko juu yake.

Ikiwa kapo ina skrubu, anza ikiwa imelegea mpaka nyuzi zikorome. Kaza robo mzunguko, piga uzi mmoja mmoja, kaza tena. Siku zote kuna mahali kukoroma kunakoma. Ongeza kidogo sana hapo, kisha acha. Nyuzi zikianza kupanda kwa zaidi ya senti 5 (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni) kwenye tyuna ya simu, umepitiliza. Halafu inua kila uzi taratibu pale kwenye tundu la sauti ili ujipange chini ya mpira, ndipo uangalie tyuni.

Uzi wa sita ukipanda peke yake kila mara, na karatasi ya risiti inasema mbano uko sawa, tazama kimo cha freti. Freti ndefu zinauachia uzi mnene nafasi ya kukunjwa chini zaidi. Mpira mgumu kidogo husaidia hapo, kwa chuma. Na nyuzi zikibaki zimepanda hata baada ya kuondoa kapo, kosa si la kapo: mifereji ya nati inashika nyuzi. Legeza uzi, sugua mfereji kwa ncha ya penseli, rudisha.

Mpira na chumvi

Nyuzi za chuma huchora mifereji kwenye mpira. Baada ya muda uzi unaingia kwenye mfereji wake wa jana badala ya kukaa ulipo leo, na ukihamia freti pana zaidi, ambapo nyuzi zimeachana, mifereji inazivuta kuelekea ndani. Kwenye shingo pana unayohamia freti mbalimbali hili linaonekana mapema. Shubb wana mipira ya akiba. Kwa nyingine, msasa wa namba 400 uliobandikwa kwenye kibao utausawazisha uso mara moja au mbili kabla haujaisha.

Usilaze gitaa na kapo ikiwa imefungwa. Mpira ukikaa siku nyingi kwenye vanishi ya selulosi unaiacha na doa lisilofutika, na shingo nzima inabaki chini ya mbano bure. Wanaoishi karibu na bahari, toka Tanga hadi Lamu, waangalie springi na skrubu: hewa ya chumvi inazishika kutu mapema, na springi yenye kutu inabana leo hivi na kesho vile. Alumini na chuma kisichoshika kutu ndivyo vya kutafuta huko, na tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba kila mwezi, likifutwa vizuri ili lisifike kwenye mpira.